Kabla ya kulipia boda ya stima, jua utaichajia wapi

Pikipiki za stima zimekuwa nyingi mjini hadi watoto hawageuki tena kuzitazama. Zinapita kimya Roysambu, Kawangware, Umoja na South B zikiwa na abiria, oda za chakula, mitungi ya gesi na magunia ya viazi. Vijana wengi wanaozitaka huuliza maswali matatu: dipositi ni ngapi, malipo ya kila siku ni ngapi, na inakimbia kiasi gani. Swali la nne, ambalo kwangu mimi lingekuwa la kwanza, huja mtu akiwa ashatia sahihi: hii kitu nitaichajia wapi?

Nduthi ya petroli haina hilo swali. Petroli iko kila kona, na hata ukiwa na Sh100 tu mfukoni unaweka, unasukuma kazi hadi jioni. Stima nayo iko kila mahali, lakini si yako. Iko kwa ukuta wa mwenye ploti, iko kwa mita ya kampuni, ama iko kwenye kabati la betri kilomita kadhaa kutoka unapolala. Mwenye soketi ndiye atakayeamua utaamka saa ngapi, utafanyia kazi mtaa gani na utabaki na pesa ngapi jioni. Ndiyo maana nasema chagua chaji kwanza, pikipiki ije baadaye.

Kwa sasa njia ni mbili. Ya kwanza ni ya kubadilisha betri. Unauziwa pikipiki, mara nyingi bila betri, kwa sababu betri inabaki mali ya kampuni. Ikiisha unaingia kituoni, unatoa iliyokufa, unaweka iliyojaa, unalipa, unaenda. Ampersand, iliyoanzia Kigali kabla ya kuingia Nairobi, inafanya kazi hivyo. Spiro na ARC Ride pia ni watu wa kubadilisha. Njia ya pili ni kuchaji mwenyewe. Betri inatoka, unaingia nayo nyumbani, unaichomeka kwa soketi ya kawaida kwa chaja iliyokuja nayo. Roam, wanaounganisha pikipiki zao hapahapa Nairobi, wameuza pikipiki ya namna hiyo, na wana vituo vyao pia kwa asiye na pa kuchajia.

Hiyo ya kubadilisha tusiidharau. Betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote katika chombo cha stima, kwa hivyo ukiuziwa pikipiki bila betri bei inashuka hadi kijana mwenye dipositi ndogo anaifikia. Betri ikichoka baada ya miaka michache, hasara si yako. Halafu kuna muda. Mtu wa boda huuza muda kabla hajauza kilomita. Saa nne za kungoja chaji mchana ni abiria wote wale waliopanda kwa mwenzako.

Lakini pikipiki bila betri ni chuma tu. Betri ya kampuni hii haiingii kwa pikipiki ya kampuni ile, kwa hivyo unapolipa dipositi hununui pikipiki peke yake, unajiunga na vituo vya mtu mmoja. Akipandisha bei ya kubadilisha, utalipa. Akifunga kituo cha mtaa wenu, utaenda cha mtaa mwingine. Ukichelewesha malipo ya mkopo, mfumo unaweza kukataa kukupa betri, na pikipiki yako, ambayo jina lako liko kwenye karatasi zake, inageuka kiti cha kukalia nje ya nyumba.

Jirani yangu mmoja anayepeleka oda za chakula alichukua yake kwa kampuni ambayo sitaitaja. Kituo cha karibu kilikuwa kilomita nne kutoka anapofanyia kazi. Si mbali, utasema. Hebu piga hesabu. Kwenda na kurudi ni kilomita 8, na alikuwa akibadilisha mara mbili kwa siku. Hizo ni kilomita 16 ambazo hakuna mteja anazilipia. Kwa siku 26 za kazi ni kilomita 416 kwa mwezi, na kilomita hizo zote zinakula betri ileile anayoilipia. Na saa kumi na mbili jioni, wakati oda ndio zinamiminika, anafika kituoni anakuta wasee kumi na mmoja kwenye foleni na betri zilizojaa ni tatu. Huwezi kuiona hesabu hiyo kwenye bango la matangazo, kwa sababu bango huandika bei ya betri moja, haliandiki umbali wa kuifuata.

Sasa tuangalie upande wa nyumbani, ambao watu wengi huusifu bila kalamu mkononi.

Betri ya Roam Air ina kilowati-saa 3.24. Kwa lugha ya tokeni hizo ni uniti tatu na robo hivi. Kampuni huipigia hesabu ya kilomita karibu 80 kwa betri moja, lakini ukibeba abiria wawili ukipanda kilima cha Kangemi, usitarajie hizo 80. Pia kuna stima inayopotea kama joto kwenye chaja. Kwa hivyo tuseme uniti 4.5 kwa kila kilomita 100. Mtu anayekwenda kilomita 100 kwa siku, siku 26, atatumia uniti 117 kwa mwezi. Uniti moja ikikufikia kwa Sh30, kodi na tozo zote zikiwa ndani, hizo ni Sh3,510. Pikipiki ya petroli inayokwenda kilomita 40 kwa lita ingekunywa lita 65 kwa safari hizohizo. Kwa Sh180 kwa lita ni Sh11,700. Oktoba 2023, petroli ilipogonga Sh217 hapa Nairobi, lita hizo 65 zilikuwa zaidi ya Sh14,000. Kwa hivyo ndiyo, stima ya nyumbani ni nafuu, na si kidogo.

Mtego uko kwa mita. Kenya Power huwaweka wateja wa nyumbani kwenye makundi kulingana na wastani wa matumizi yao ya miezi mitatu. Anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa. Kuanzia 31 hadi 100 ni bei ya katikati. Ukipita 100 uko juu. Kijana wa bedsita mwenye balbu mbili, simu, redio na pasi ya Jumapili anaishi kwenye kundi la chini bila hata kujua. Akiongeza uniti 117 za pikipiki anaruka hadi kundi la juu moja kwa moja. Na hapo si uniti za pikipiki pekee zinazopanda bei. Hata ile balbu inapanda nazo. Wengi wakiona tokeni za Sh500 zinaleta uniti chache kuliko zamani hudhani wameibiwa. Hawajaibiwa, wamehamishwa kundi.

Huyo ni mwenye mita yake. Wengi wetu hatuna. Tuko kwenye ploti zenye mita moja kubwa ya mwenye nyumba na mita ndogondogo kwa kila mlango, ambapo yeye ndiye hupanga uniti itauzwa ngapi. Ama tuko kwa zile nyumba ambazo stima iko ndani ya kodi, na keateka amepewa kazi ya kunusa nani anapika kwa koili. Ukimwonyesha chaja ya pikipiki jibu unalijua: “Kijana, stima hapa ni ya taa na simu.” Unamwambia, “Mzee, hii haivuti nyingi.” Anakuangalia vile mtu huangalia mtoto anayesema hakula sukari.

Kusema ukweli, wote wawili wana haki. Chaja inayojaza uniti 3.24 kwa saa nne inavuta kama wati 800. Birika la stima linavuta wati 1,500 hadi 2,000, na hakuna anayefukuzwa kwa sababu ya chai. Lakini birika ni la dakika tano. Chaja ni saa nne mfululizo, na waya hupata joto polepole. Vijana kumi wakiingia saa moja jioni wote wachomeke, hizo ni wati 8,000 juu ya pasi na friji za watu wengine, kwenye waya uliotandazwa na fundi wa bei rahisi wakati ploti ilipokuwa na ghorofa mbili. Leo ina saba. Mwenye nyumba anayekataa kuchaji kwenye vyumba hana roho mbaya. Anayekataa hata kuzungumzia sehemu moja salama ya kuchajia kule chini, huyo ndiye ningebishana naye.

Na hapa ndipo stori za “chaji tu usiku ukilala” huniogopesha. Mwaka wa 2023, mjini New York, moto uliosababishwa na betri za lithiamu uliua watu 18. Mji huo umejaa vijana wa kupeleka chakula kwa baiskeli za stima, wanaoishi kwenye vyumba vidogo na kuchajia ndani. Betri nyingi zilikuwa za bei ya chini, zimekarabatiwa, ama zimechomekwa kwa chaja isiyo yake, na baisikeli mara nyingi ilikuwa imeegeshwa karibu na mlango. Mlango huo ndio njia ya pekee ya kutoka. Mwaka huohuo mji ukapitisha sheria kwamba baiskeli na betri zinazouzwa ziwe zimepimwa usalama na kuthibitishwa. Sasa linganisha chumba hicho na bedsita ya Pipeline, ghorofa ya sita, dirisha lina vyuma na mlango ni mmoja. Moto wa betri ya lithiamu si wa kuzimwa kwa blanketi. Kama ni lazima uchajie ndani, chaja iwe ileile iliyokuja na pikipiki, soketi iwe ya ukutani na si ekstensheni ya Sh250, betri ipoe kwanza baada ya kazi, na iwe mbali na kitanda na mlango. Ukiona imevimba, imeanguka sana au imelowa maji ya mafuriko, usiichomeke hata kama kesho kuna kazi.

Mambo hayo yote yanaweza kutatuliwa. Kinachonikera kweli ni bei.

Tangu 2023 kuna bei maalum ya stima ya uchukuzi, iliyoidhinishwa na EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi na petroli. Ni ya wanaotumia hadi uniti 15,000 kwa mwezi. Kabla ya kodi na tozo, uniti ni Sh16 saa za kawaida na Sh8 saa ambazo matumizi ya nchi yako chini, yaani usiku watu wakiwa wamelala. Sababu ya kushusha bei usiku si huruma. Stima yetu nyingi hutoka kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, mabwawa na upepo, na mvuke haujui kulala. Usiku viwanda vikipunguza kazi na sisi tukizima taa, kuna stima ambayo ingezalishwa na haina mnunuzi, hadi mvuke mwingine huachiliwa uende angani. Gari linalochajiwa saa saba usiku linakula chakula ambacho kingetupwa.

Ni mpango mzuri. Lakini nani anakula hiyo ya Sh8? Kampuni yenye depo inaipata. Mabasi ya BasiGo hulala deponi yakichajiwa, na hivyo ndivyo inavyofaa. Kituo cha kubadilisha betri chenye mita yake kinaweza kuipata. Kijana wa Githurai aliyechomeka betri yake chini ya meza saa saba usiku hapati. Anatumia stima ya usiku uleule, kutoka mvuke uleule, kuendesha chombo kilekile ambacho bei hiyo iliwekwa kwa ajili yake, lakini mita yake ni ya nyumba, kwa hivyo analipishwa kama mtu aliyesahau kuzima taa. Na akiwa kwenye mita ndogo ya ploti, hata hiyo bei ya nyumba inapita kwanza mikononi mwa mtu anayeongeza yake.

Kwa hivyo yule mwenye mtaji mkubwa anauziwa stima kwa bei ya chini, anaijaza kwenye betri, kisha anamuuzia yule asiye na mtaji kwa bei anayopanga mwenyewe. Si kosa kisheria. Kampuni imejenga kituo, imenunua betri, inalipa wafanyakazi, lazima irudishe pesa zake. Lakini tusiambiwe bei hiyo iliwekwa kwa ajili ya vijana wa boda, wakati kijana wa boda hawezi kuigusa bila kupitia dukani kwa mtu.

Naona njia ya tatu, na inaweza kuanzia kwa steji zenyewe. Kila steji ina mwenyekiti, ina michango ya mazishi na ya bima, nyingine zina Sacco. Steji inayoweza kukusanya pesa za kumzika mwanachama inaweza kuomba mita ya stima ya uchukuzi kwa jina la kikundi. Kinachohitajika ni kibanda cha bati na wavu chenye hewa ya kutosha, mbali kidogo na nyumba za watu, fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, soketi kumi kila moja na swichi yake ya kukata stima, mtungi wa kuzimia moto na mlinzi. Vijana kumi wakitumia uniti 117 kila mmoja ni uniti 1,170 kwa mwezi, hazifiki hata moja ya kumi ya zile 15,000. Wakichaji usiku, hata tofauti ikiwa Sh10 tu kwa kila uniti ikilinganishwa na stima ya ploti, kikundi kimebaki na Sh11,700 kila mwezi. Hiyo inasaidia kumlipa mlinzi. Mwenye ploti aliye na nafasi kule chini anaweza kufanya vivyo hivyo na kuwatoza wapangaji ada kidogo, na keateka akapumzika kunusa milango.

Kikwazo, mtasema, ni makaratasi. Kweli. Kikundi cha vijana kikienda kuomba mita kitaulizwa shamba ni la nani, barua ya mwenye ardhi iko wapi, na kaunti imeruhusu kibanda au la. EPRA ilitoa mwongozo wa vituo vya kuchaji na kubadilisha betri mwaka wa 2023, na serikali ikatoa rasimu ya sera ya uchukuzi wa stima mwaka wa 2024, ikiwa hata na wazo la nambari za usajili za kijani kwa magari haya. Rangi ya nambari ni sawa, haidhuru mtu. Ningefurahi zaidi kuona fomu moja fupi ya steji kuomba mita.

Jambo lingine la kudai ni betri zinazoingiliana. Nimesikia hoja kwamba kampuni zikilazimishwa kutumia betri ya aina moja, hakuna atakayeweka pesa zake. Japani, Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, watu ambao wamekuwa wakinyang’anyana wateja tangu babu zetu wakiwa vijana, walikubaliana mwaka wa 2021 kuhusu vipimo vya betri moja ya kubadilisha kwa pikipiki zao. Mwaka uliofuata wakaanzisha, pamoja na kampuni ya mafuta ya ENEOS, kampuni ya kuendesha vituo hivyo. Hawakufa. Wanaendelea kushindana kwa pikipiki, lakini betri inaingia kokote. Hapa kwetu kampuni bado ni chache na changa, kwa hivyo kuzikalisha meza moja sasa ni rahisi kuliko itakavyokuwa baada ya miaka kumi, kila mmoja akiwa na maelfu ya kabati zake mwenyewe mitaani.

Hadi hilo lifanyike, ningeshauri hivi. Kama kazi yako ni ya kutwa nzima, kilomita 100 na zaidi, na kuna vituo viwili au vitatu vya kubadilisha kwenye njia zako za kila siku (njia zako, si karibu na duka walikokuuzia), basi kubadilisha ni sawa. Usijitese na chaja. Kama una kazi ya kilomita 40 au 50, unasoma JKUAT na kupeleka oda jioni, ama una duka lako la mtandaoni na unapeleka mizigo mwenyewe, nunua yenye betri yako hata kama dipositi ni kubwa kidogo. Ungoje miezi miwili zaidi uwe umeiweka. Betri moja usiku inakutosha siku nzima, na ukihama kutoka Kasarani kwenda Rongai hutaomba ruhusa ya mtu. Iliyo bora, kama mfuko unaruhusu, ni pikipiki inayokubali yote mawili: betri yako nyumbani, na kituo cha kukuokoa siku ukiitwa Kitengela saa tisa mchana ikiwa imebaki asilimia 15.

Msiisahau pia siku stima inapokatika. Agosti 25, 2023 nchi karibu nzima ilikaa gizani, sehemu nyingine hadi siku ya pili. Siku kama hiyo aliyejaza betri usiku wa kuamkia ana kazi ya siku moja. Wa kubadilisha anategemea betri zilizobaki kabatini, ambazo kila mtu anazikimbilia.

Kuna wale wenzetu ambao wameshapita boda wanafikiria gari dogo la mizigo, pikapu ama vani ya stima ya kupeleka bidhaa. Swali ni lilelile, ila kubwa zaidi. Betri ya uniti 40 kwa soketi ya kawaida ya ukutani, ukiivuta kwa wati 2,300 bila kuichosha, itachukua zaidi ya saa 17. Haitajaa kabla ya asubuhi. Utahitaji chaja ya ukutani ya kilowati 7 yenye waya wake kutoka kwa mita, na hapo inajaa kwa saa sita hivi. Ukinunua gari lililotumika kutoka Japani, kama Nissan Leaf, mdomo wake wa chaji ya haraka ni wa CHAdeMO. Ya kutoka Uchina inaweza kuja na GB/T, na nyingine CCS2. Kabla ya kulipa zunguka kwanza kwenye vituo vya umma ambavyo utavitumia, uangalie kwa macho yako waya zao zina mdomo gani. Kama uko kwenye nyumba ya kupanga na mwenye nyumba hataki kusikia chaja ya ukutani, pikapu hiyo si yako bado, hata ukipata mkopo.

Ukifika dukani, muuzaji atataka kukupeleka raundi moja ya majaribio. Nenda, ni tamu, hasa ukishika kasi bila mlio. Ukirudi, mwombe akuonyeshe kwenye ramani ya simu vituo vinavyofanya kazi leo, na vinafungwa saa ngapi. Uliza betri ni ya nani, bei ya kubadilisha inaweza kupandishwa mara ngapi kwa mwaka, na ukimaliza mkopo utaweza kununua betri yako mwenyewe au utabaki mteja wao milele. Uliza malipo yakichelewa siku mbili kunatokea nini. Halafu ugawanye bei ya kubadilisha kwa kilomita ambazo mtu anayeitumia kazini, si yeye muuzaji, anakwambia anapata. Na akikwambia kituo cha mtaa wenu “kiko njiani”, muulize tarehe, kisha umwombe aiandike kwenye mkataba.